Kashfa, Umbea na Ukwasi: Istilahi Zetu Mbele ya Riwaya za Vijana Matajiri wa New York

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza riwaya za aina moja ambazo wahakiki wengi huona haya hata kuzitaja, nazo ni zile riwaya za Kimarekani zinazosimulia maisha ya vijana wa koo tajiri: anasa zao, mapenzi yao, uhasama wao na kashfa zao. Hatudai kwamba ni kilele cha sanaa ya uandishi. Tumezichagua kwa sababu mbili. Kwanza, zimesomwa na umma mkubwa, na kitu kinachosomwa na wengi hakiwezi kupuuzwa na mtu ashughulikaye na lugha. Pili, zinaujaribu msamiati wetu mahali ambapo hatukuzoea kuujaribu. Kazi kubwa imefanyika katika istilahi za sayansi, sheria, benki na utawala. Lakini ni mara chache tumekaa kitako kuulizana tutawaitaje watu ambao kazi yao ni kuonekana karamuni, na tutaiitaje raha ambayo mwenye kuionja huificha.

Hoja yetu ni hii. Maneno ya Kiswahili yahusuyo ukwasi, anasa na usengenyaji yamebeba hukumu ndani yake tangu zamani. Riwaya tunazozizungumzia, kwa upande wao, huahirisha hukumu, na mara nyingi huifuta kabisa. Kwa hiyo mfasiri asiyekuwa macho anaweza kuandika riwaya nyingine bila ya kujua, yaani riwaya ya mawaidha mahali ambapo mwandishi aliandika riwaya ya starehe. Mfasiri mwingine, akiikimbia hatari hiyo, huokota maneno ya Kiingereza jinsi yalivyo na kuyaandika kwa tahajia yetu, na hapo uovu wote huvikwa vazi la ugeni likapendeza. Njia zote mbili zina hasara.

Riwaya zenyewe

Mfano ulio maarufu kuliko yote ni mfululizo wa Gossip Girl wa Cecily von Ziegesar, ambao kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 2002. Mandhari yake ni mtaa wa Upper East Side katika kisiwa cha Manhattan, mjini New York, na mwandishi mwenyewe alisoma katika shule ya binafsi ya wasichana mtaani humo. Serena van der Woodsen anarudi mjini baada ya kufukuzwa shule ya bweni. Rafiki yake wa zamani, Blair Waldorf, hafurahii kurudi kwake, na kati yao yumo kijana Nate Archibald ambaye ana siri na wote wawili. Pembeni wapo Dan na Jenny Humphrey, ndugu wasio na mali kama ile, wanaotazama dirishani na kutamani kuingia. Juu ya wote ipo sauti ya msimulizi asiyejulikana, anayeyatangaza mambo yao katika mtandao wa kompyuta na kuwataja kwa herufi za mwanzo za majina yao tu.

Mwaka 2003 ulianza mfululizo wa The A-List, wenye mandhari ya Beverly Hills, chini ya jina la kubuni la Zoey Dean. Mwaka 2004 Lisi Harrison alitoa The Clique, kuhusu wasichana wadogo zaidi. Mwaka 2007 Anna Godbersen aliirudisha hadithi hiyo nyuma hadi mwaka 1899 katika The Luxe, yenye magari ya farasi, glavu na barua za siri. Mwaka huohuo Gossip Girl ilianza kuonyeshwa kama tamthilia ya televisheni nchini Marekani, ikaendelea hadi mwaka 2012.

Yafaa msomaji ajue pia namna vitabu hivi vinavyotengenezwa, maana jambo hili lina uzito katika kuvihakiki. Gossip Girl haikuzaliwa katika chumba cha mwandishi mmoja mpweke. Ilizaliwa katika kampuni ambayo kazi yake ni kubuni wazo la mfululizo, kumtafuta mwandishi wa kuliandika, kisha kuliuza kwa mchapishaji. Na baadhi ya vitabu vya baadaye viliandikwa na mikono mingine. Utaratibu huo si mpya. Edward Stratemeyer aliutumia huko Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, na wapelelezi wa watoto mashuhuri kama Nancy Drew, aliyeanza kuchapishwa mwaka 1930, walitoka katika karakana yake. Wala tusidhani kwamba kitu kilichotoka karakanani ni kibovu kwa sababu hiyo tu. Fundi wa karakana naye huweza kutengeneza kiti imara. Lakini mhakiki anapouliza nia ya mwandishi, hana budi akumbuke kwamba nia ya soko ilikaa mezani kabla ya mwandishi kufika.

Neno la kwanza: umbea

Hebu tuanze na jina lenyewe la Gossip Girl. Kiswahili hakina umaskini hapa, bali kina utajiri unaotisha. Mmbea huchukua habari za watu akazisambaza, ziwe za kweli au zisiwe. Mdaku huchungulia na kupekua mambo yasiyomhusu. Msengenyaji humsema mtu vibaya akiwa hayupo. Mchongezi hupeleka maneno kwa mkubwa ili mwenzake aadhibiwe. Mfitini huyapanga maneno ili watu wawili wagombane. Mzushi hutunga jambo lisilokuwapo. Kila mmoja ana kosa lake na, kwa wanaoamini, ana adhabu yake.

Msimulizi wa von Ziegesar ni nani kati ya hao? Anasambaza, kwa hiyo ni mmbea. Anapokea taarifa kutoka kwa wapelelezi wa mtaani, kwa hiyo anaishi kwa udaku wa wengine. Kufitinisha anafitinisha, ingawa hujifanya hana habari na matokeo ya maneno yake. Kwa maoni yetu neno umbea ndilo lifaalo zaidi, maana lina kicheko ndani yake ambacho fitina haina. Mtu aweza kuambiwa mmbea akacheka. Akiambiwa mfitini hacheki. Riwaya hizi zinasimama juu ya kicheko hicho, na mfasiri akikipoteza amepoteza kitabu. Kwa sababu hiyohiyo, msimulizi anapowasalimu wasomaji wake, salamu ya heshima kama "enyi wenzangu" itamgeuza kuwa mhutubu. "Haya jamani" itatosha.

Lakini liko tatizo lililo kubwa zaidi, nalo ni la sarufi. Kiingereza kinamtambulisha msimulizi kuwa msichana tangu jalada la kitabu. Katika vitabu, hafichuliwi kamwe kuwa ni nani. Katika tamthilia, sehemu ya mwisho ya mwaka 2012 ilimfichua: alikuwa Dan Humphrey, mvulana, yule wa pembeni aliyekuwa akitazama dirishani. Kiswahili, ambacho kiambishi chake cha nafsi ya tatu hakibagui mke na mume, kingeweza kuibeba siri hiyo miaka yote bila ya kusema uongo hata mara moja. Jina "Mmbea" peke yake lingekuwa kweli mwanzo hadi mwisho. Jina "Msichana Mmbea" lingekuwa mtego, kama ulivyo mtego katika asili. Lipi lichaguliwe? Kwa vitabu tungependekeza "Mmbea", kwani humo fumbo halifumbuliwi na neno moja lina nguvu kuliko mawili. Kwa tamthilia mtego hauna budi kuhifadhiwa, maana hadhira ilidanganywa kwa makusudi. Na hapo twaona kwamba lugha iliyozoea kuuhesabu umbea kuwa ni dhambi ya wanawake ndiyo iliyomficha Dan. Walimu wanaweza kulitumia jambo hili darasani kwa faida kubwa.

Neno la pili: kashfa

Neno kashfa lilitujia kutoka Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kufunua kitu kilichofunikwa. Kumkashifu mtu ni kumvua stara mbele za watu. Kwa hiyo, kwa asili ya neno, tendo baya lililofanyika gizani si kashfa bado; linakuwa kashfa pale mtu anapolifunua. Hapa Kiswahili kinawiana na riwaya hizi kuliko tulivyotazamia. Blair na wenzake hawaogopi kufanya jambo, wanaogopa kutajwa. Mama zao nao hivyohivyo. Stara ndiyo sheria, na mwenye kuivunja stara ndiye mkosaji.

Mambo haya yana historia ya kweli katika mji huo. Mwaka 1892 gazeti la New York Times lilichapisha orodha ya Ward McAllister ya wale walioitwa Mia Nne, yaani watu aliowahesabu kuwa ndio jamii bora ya New York chini ya uongozi wa Bibi Caroline Astor. Jarida la Town Topics la Kanali William d'Alton Mann lilishibia siri za watu kama hao, na kesi iliyoamuliwa mwaka 1906 ilidhihirisha kwamba matajiri wakubwa walikuwa wamempa Kanali huyo fedha kwa jina la mikopo. Msimulizi wa Gossip Girl, basi, ana babu. Tofauti ni kwamba babu alilipwa ili anyamaze, na mjukuu hasemi analipwa nini.

Tahadhari moja yahitajika. Katika taarifa za serikali na magazeti yetu, kashfa imekuwa ni neno la wizi wa mali ya umma na hongo. Msomaji aliyelizoea katika maana hiyo atakapokuta kashfa ya busu ataona neno kubwa limevishwa jambo dogo. Tunashauri kashfa itumike pale ambapo jambo limefunuliwa hadharani; fedheha itumike kwa hali anayobaki nayo aliyefunuliwa; na aibu ibaki kwa yale ambayo mtu huyajua moyoni mwake peke yake. Katika riwaya hizi aibu ni adimu sana. Mfasiri asiitie mahali ambapo haikuwapo.

Neno la tatu: uungwana na ulimbukeni

Riwaya za ukwasi huwagawa matajiri katika mafungu mawili: waliorithi na waliopata juzi. Katika The Luxe, ukoo wa Holland una jina lakini mali imekwisha kwa siri. Ukoo wa Hayes una mali lakini jina bado bichi. Binti wa kwanza, Elizabeth Holland, anatakiwa aolewe na kijana tajiri ili aiokoe nyumba yao, ilhali moyo wake uko kwa mwendesha gari la farasi. Msomaji wa pwani hatahitaji maelezo marefu.

Kwa walio na mali mpya tunalo neno limbukeni, lililo bora kuliko maneno mengi ya lugha za Ulaya, maana linatokana na fikra ya kuonja mavuno ya kwanza. Limbukeni hula kwa pupa kwa kuwa hakuzoea. Lakini tujihadhari: neno hilo ni jicho la aliyezoea. Penelope Hayes hajioni limbukeni. Mfasiri aliweke kinywani mwa akina Holland na watumishi wao wenye majivuno, wala asilitie katika sauti ya msimulizi bila ya sababu.

Neno muungwana lina hatari zaidi. Zamani katika miji ya pwani lilimtenga mtu huru na mtumwa. Leo lasifu tabia njema. Mtu akiandika kwamba Blair Waldorf ni binti wa waungwana, amempa sifa ambayo kitabu kizima hakikumpa. Binti huyu ana nasaba, elimu, mavazi na ulimi mkali. Uungwana hana, wala riwaya haimdai. Twapendekeza "mtu wa nasaba" au "ukoo wa jina". Kabaila na bwanyenye tumeyazoea katika maandishi ya siasa, na yakiingia hapa yataleta jukwaa zima pamoja nayo.

Mwandishi wa Kimarekani aliyeuona mwanya kati ya nasaba na uungwana kwa jicho kali ni Edith Wharton. Riwaya yake The Age of Innocence, iliyotoka mwaka 1920, yahusu New York ya miaka ya 1870, na ilimpatia tuzo ya Pulitzer mwaka 1921. Wharton alizaliwa ndani ya tabaka hilohilo, akalijua, akalipima. Wahusika wake hulipa bei ya stara kwa maisha yao yote. Wahusika wa von Ziegesar huamka kesho yake wakaenda dukani. Hiyo ndiyo tofauti ya msingi kati ya riwaya kubwa ya tabaka na riwaya ya starehe ya tabaka hilo, na yaweza kuelezwa bila ya kutukana mtu.

Neno la nne: mtu wa karamu

Magazeti ya Afrika Mashariki hutumia "sosholaiti", na wengine huongeza kiambishi wakasema "mwanasosholaiti". Hatuna chuki na neno la kukopa. Kiswahili kimekopa tangu enzi na enzi wala hakikupungua. Lipo neno lililokwisha kuingia, lakini maana yake imehama njiani. Katika magazeti yetu aghalabu ni mwanamke aliyejulikana kwa picha na mavazi yake, na ukoo wake hauulizwi. Huko New York neno la asili lilianza na ukoo: mtu ambaye mwaliko humfikia kabla hajauomba. Tukimwita Serena sosholaiti, msomaji ataona mtu mwingine. Twapendekeza "mwanadhifa", kwa mfano wa mwanamuziki na mwanasiasa, kwa kuwa dhifa ni karamu rasmi yenye mialiko. Likikataliwa na wasemaji, "mtu wa karamu" litafanya kazi bila ya kelele.

Neno la tano: raha ya kificho

Wasomaji wa vitabu hivi husema kwamba wanavipenda na wanaona haya kuvipenda. Kiswahili kinaweza kusema "raha ya kificho", au kwa lugha ya nyumbani, "kitabu cha chini ya mto", kile kinachosomwa usiku kikafichwa chini ya kichwa. Lakini swali la mhakiki ni hili: haya hiyo imetoka wapi?

Sehemu moja imetoka katika hoja za haki. Mwezi Machi 2006 Naomi Wolf aliandika katika New York Times kwamba vitabu hivi vimeigeuza mila ya Jane Austen na Louisa May Alcott juu chini, kwa kuwa ndani yake tajiri huwa na haki kwa sababu tu ni tajiri. Pia alilalamikia wingi wa majina ya chapa za bidhaa. Hoja yake ya kwanza ni nzito, nasi twaikubali kwa sehemu kubwa. Sehemu nyingine imetoka kwa wazazi na walinzi wa maadili: Gossip Girl ilishika nafasi ya pili katika orodha ya Chama cha Maktaba cha Marekani ya vitabu vilivyolalamikiwa zaidi mwaka 2006, ikarudi tena katika orodha ya mwaka 2011.

Iko pia sehemu ya tatu, nayo yatuhusu sisi. Tunazo riwaya pendwa zetu. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965, na Elvis Musiba alitoa Kufa na Kupona mwaka 1974. Bastola, magari ya kasi na warembo vimo tele. Wahakiki waliziita nyepesi, lakini mtu mzima aliyeshika riwaya ya upelelezi ndani ya basi hakulazimika kuigeuza jalada. Msichana wa sekondari aliyeshika riwaya ya mapenzi na mavazi hulazimika. Uhasama wa majasusi haukuwa na maana zaidi ya uhasama wa marafiki wawili. Ulikuwa tu ni wa wanaume. Mwalimu anayekinyang'anya kitabu cha msichana na kukiacha cha mvulana hana kipimo cha fasihi mkononi, ana mazoea.

Jukumu la mfasiri na mwalimu

Tukirudi katika hoja yetu ya mwanzo, twasema kwamba mfasiri hana ruhusa ya kumhukumu mhusika kwa kupenyeza istilahi. Riwaya za Kiswahili zimezoea kutoa hukumu waziwazi, wakati mwingine tangu jalada. Jina la riwaya ya Zainab Burhani, Mwisho wa Kosa, ya mwaka 1987, latangaza mizani kabla hatujafungua ukurasa. Hiyo ni mila yetu nasi twaienzi. Lakini kuitia mila hiyo ndani ya kitabu cha mwingine kwa kuchagua neno kali badala ya neno sawa ni kumnyima msomaji kitu ambacho kilikuwa ni chake: kazi ya kuhukumu mwenyewe. Mfasiri mwenye jambo la kusema analo dibaji. Mwalimu analo darasa.

Watumishi wa serikali wanaopanga vitabu vya maktaba wanalo tatizo lao dogo la istilahi. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya Tanzania ya mwaka 2007 ilimhesabu kijana kuwa ni mtu wa miaka 15 hadi 35. Rafu iliyoandikwa "riwaya za vijana" yaweza basi kumchanganya mtoto wa darasa la saba na baba wa watoto watatu. Kigori halifai, maana ni msichana ambaye hajavunja ungo. Mwari limefungamana na jando na unyago. "Riwaya za vijana wa sekondari" ni maneno mengi, lakini hayana utata.

Kwa kumalizia, tunaweka mbele ya wasomaji istilahi zifuatazo ili zijadiliwe, zipunguzwe au ziongezwe:

Umbea: usambazaji wa habari za watu kwa kujifurahisha. Utofautishwe na udaku, fitina na uchongezi.

Kashfa: jambo la aibu lililofunuliwa hadharani.

Fedheha: hali ya aliyekashifiwa.

Mtu wa nasaba: aliyezaliwa katika ukoo wenye jina, tabia yake isihesabiwe.

Limbukeni: mwenye mali mpya, katika macho ya mwenye mali ya kale.

Mwanadhifa: ajulikanaye kwa kualikwa na kuonekana katika karamu za wakwasi.

Raha ya kificho: starehe ambayo mtu huipenda na huona haya kuikiri.

Karakana ya vitabu: kampuni inayobuni mfululizo wa vitabu na kuajiri waandishi wake.

Neno la mwisho kati ya hayo tunaliomba litazamwe kwa makini zaidi. Siku wachapishaji wetu watakapoamua kutengeneza riwaya za namna hii kwa Kiswahili, za vijana wa Masaki au wa Nyali, itakuwa vyema tuwe na jina la kiwanda kabla ya bidhaa kufika sokoni.